Mwimbaji Aliyesusa Nyimbo Zake

Katika toleo hili nataka kuwapasha habari za mtu mmoja wa Marekani aitwaye John Fogerty, aliyetunga nyimbo nyingi zikavuma duniani, kisha akakaa miaka 15 bila kukubali kuziimba jukwaani. Hakuugua koo, wala watu hawakumchoka. Alisusa. Dada zangu wa Kidato cha Kwanza huenda hawajapata kulisikia jina lake, lakini wazazi wenu waliokuwa vijana miaka ya 1970, wakisikia "Proud Mary" ikipigwa, huenda wakatikisa kichwa na kusema, "Ah, huo ni wimbo wa Tina Turner." Si wimbo wa Tina Turner, na habari za kosa hilo nitazieleza mbele, maana ndizo zilizosaidia kumrudisha Bwana Fogerty kwenye nyimbo zake.

Mimi nilimjua kwa njia ya mjomba wangu, fundi wa baiskeli, ambaye bado ana redio ya kaseti na boksi zima la kaseti za zamani. Moja ya kaseti hizo ni "Chronicle", mkusanyo wa nyimbo 20 za bendi ya Bwana Fogerty iliyoitwa Creedence Clearwater Revival. Mkusanyo huo ulitolewa mwaka 1976, bendi ikiwa imekwisha kuvunjika, na mpaka leo wauzwa. Katika orodha ya santuri kubwa za Marekani umekaa zaidi ya wiki 500. Mjomba huupiga kila anapoziba pancha. Likizo moja niliusikiliza mpaka Mama akaniuliza kama sina kazi. Baadaye nilisoma habari za mtu huyo katika chumba chetu cha kompyuta, na Mwalimu wetu wa Kiingereza akanipatia kitabu alichokiandika Fogerty mwenyewe mwaka 2015, kiitwacho "Fortunate Son". Ni kitabu kinene, nami nilikimaliza kwa wiki tatu, kabla ya taa za bweni kuzimwa.

Bwana Fogerty alizaliwa tarehe 28 Mei, 1945, mjini Berkeley katika jimbo la California, akakulia mji wa jirani uitwao El Cerrito. Kwao walikuwa watoto watano, wote wa kiume, naye ni wa tatu. Akiwa shule alikutana na wavulana wawili, Stu Cook na Doug Clifford, na mwaka 1959 wakaanzisha bendi. Walikuwa na umri wa miaka 14 hivi, sawa na wadogo zetu wanaoingia Kidato cha Kwanza wakilia getini. Baadaye kaka yake mkubwa, Tom, akajiunga nao. Mwaka 1964 wakapata mkataba na kampuni ndogo ya santuri ya upande ule wa kwao, Fantasy Records. Kampuni ikawabandika jina la Golliwogs, ambalo ni jina la mwanasesere wa kumdhihaki mtu mweusi, na wao wenyewe hawakulipenda hata kidogo. Miaka ikapita, santuri zao hazikununuliwa. Mwaka 1966, wakati wa vita vya Vietnam, Fogerty akaitwa jeshini, naye akajiandikisha katika jeshi la akiba, hivyo hakupelekwa vitani. Ilipofika mwisho wa mwaka 1967 ndipo bendi ikalitupa lile jina baya na kujiita Creedence Clearwater Revival.

Jambo nililolipenda kuliko yote katika habari zake ni daftari. Alinunua daftari dogo ili aandike humo majina ya nyimbo ambazo bado hajazitunga. Jina la kwanza aliloandika ni "Proud Mary", na wakati huo hakujua Mary huyo ni nani. Alidhani pengine ni mama afanyaye kazi katika nyumba za matajiri. Basi siku moja ikamfikia karatasi ya kuachiliwa jeshini. Kwa furaha aliingia ndani, akashika gitaa, na wimbo ukaja. Mary akageuka kuwa meli ya mvuke iendayo kwa magurudumu ya kupiga maji katika mto Mississippi. Zile sauti za gitaa zinazoanza wimbo, ambazo hushuka kama mtu ateremkaye ngazi, asema alizipata kwa kuiwaza Simfoni ya Tano ya Beethoven. Tangu nisome hayo mimi nami nina daftari. Lina majina 31 na nyimbo nne.

Wako watu waliomlaumu Fogerty ati aliimba habari za mabwawa na mito ya kusini mwa Marekani ilhali yeye ni mtu wa California, na ule mto Mississippi alikuwa hajapata kuusafiria. Mimi sioni kosa. Shaaban Robert naye alituandikia habari za Kusadikika, nchi iliyo hewani, na hakuna mwalimu aliyemtaka atuonyeshe tiketi ya safari. Tena si nyimbo zote zilizo za kubuni. "Green River" ni habari za kijito cha California alikopelekwa likizo utotoni, na jina lenyewe alilitoa kwenye sharubati iliyokuwa ikiuzwa dukani.

Mwaka 1969 peke yake bendi hiyo ilitoa santuri kubwa tatu: "Bayou Country", "Green River", na "Willy and the Poor Boys". Mwaka uliofuata ikatoa "Cosmo's Factory", iliyokaa nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tisa. Karibu nyimbo zote alizitunga mtu mmoja, akaziimba mtu yule yule, akapiga gitaa la kuongoza mtu yule yule. Ajabu ni kwamba santuri zao ndogo tano zilifika nafasi ya pili katika orodha ya Marekani na hakuna hata moja iliyofika ya kwanza: "Proud Mary", "Bad Moon Rising", "Green River", "Travelin' Band", na "Lookin' Out My Back Door". Darasani kwetu yuko dada mmoja ambaye amekuwa wa pili tangu Kidato cha Kwanza. Nilipomwambia habari hizi alifurahi sana. Lakini Uingereza, mwezi Septemba 1969, "Bad Moon Rising" ilishika nafasi ya kwanza.

Nyimbo hizo ni fupi, nyingi hazizidi dakika tatu. Ukizisikiliza kwa mara ya kwanza waweza kudhani ni nyepesi. "Bad Moon Rising" huchezeka vizuri kabisa. Bwenini tuliucheza Jumamosi nzima, mpaka nilipowaeleza wenzangu kuwa maneno yake ni ya tufani, mafuriko na kifo, na kwamba Fogerty aliupata kutokana na sinema ya mwaka 1941 yenye dhoruba iliyoharibu mazao ya watu. Wengine waliacha kucheza, wengine wakaendelea. Na ule uitwao "Run Through the Jungle", wa mwaka 1970, wafaa sana kwa wanaojifunza, maana toka mwanzo hadi mwisho una mshiko mmoja tu wa vidole. Katika Klabu ya Muziki tunalo gitaa moja lenye nyuzi tano badala ya sita, na hata hilo lauweza.

Wimbo ninaouheshimu zaidi ni "Fortunate Son", wa mwaka 1969. Wakati ule vijana wa Marekani walikuwa wakiitwa kwa lazima kwenda Vietnam, lakini watoto wa wakubwa walikuwa na njia za kuikwepa safari. Desemba 1968 binti wa Bwana Nixon, aliyekuwa amechaguliwa kuwa Rais, aliolewa na mjukuu wa Rais wa zamani, Eisenhower, na Fogerty akiwatazama watu wa namna hiyo alikasirika, akaona kuwa vita si vya watoto wao. Wimbo wasema hayo kwa dakika mbili na nusu hazifiki. Sasa sikilizeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya nguo za Wrangler iliuchukua wimbo huu kutangaza suruali. Ilichukua maneno ya mwanzo tu, yanayotaja bendera, ikakata kabla ya maneno ya uchungu hayajaanza, na msikilizaji asiyejua akadhani ni wimbo wa kuisifu nchi. Bwana Fogerty hakupendezwa, akasema hadharani, lakini hakuwa na uwezo wa kuzuia. Wimbo aliutunga yeye, lakini haukuwa mali yake.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu, na nitajaribu kueleza kama nilivyoelezwa na Mwalimu wa Biashara. Wimbo una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utungo wenyewe, yaani maneno na sauti zake. Ya pili ni ile sauti iliyorekodiwa, inayonakiliwa katika santuri na kaseti. Katika mikataba waliyotia sahihi wale vijana wa El Cerrito, utungo ulikuwa mali ya kampuni, na sauti iliyorekodiwa ilikuwa mali ya kampuni. Wao waliachiwa sehemu ndogo ya fedha zinazoingia, na juu ya hayo walikuwa na deni la kutoa nyimbo nyingi kila mwaka, deni lisilokwisha. Bendi ilipokuwa kubwa duniani, Fogerty aliomba masharti yabadilishwe. Mkuu wa kampuni, Bwana Saul Zaentz, hakuyabadilisha kwa namna iliyomridhisha. Sehemu kubwa ya fedha za vijana hao nazo ziliwekwa katika benki moja ya visiwa vya Bahamas, na benki hiyo ikaanguka mwaka 1977.

Lakini si haki kuitupia kampuni lawama zote. Fogerty alikuwa mtu mgumu. Alitunga yeye, aliimba yeye, aliamua yeye, na wenzake wakachoka kuwa wapigaji tu. Tom, kaka yake wa tumbo moja, aliondoka mwaka 1971. Wawili waliobaki walipata nafasi ya kutunga na kuimba katika santuri ya mwisho, "Mardi Gras" ya mwaka 1972, nayo haikusifiwa. Wao wasema walilazimishwa, yeye asema walidai wenyewe. Oktoba 1972 bendi ikavunjika. Mtu aliyewahi kuwa katika kwaya ya shule atafahamu kuwa hakuna ugomvi mbaya kama ugomvi wa watu waimbao pamoja.

Ili afunguliwe katika deni la nyimbo zilizobaki, Fogerty alikubali kuiachia kampuni hata ile sehemu yake ndogo ya fedha za msanii katika santuri za Creedence. Ndipo aliposusa. Aliona kuwa kila akisimama jukwaani na kuimba "Proud Mary", fedha za mwenye mali zitakwenda kwa yule anayemchukia. Kwa hiyo hakuimba. Mwaka 1973 alitoa santuri ya nyimbo za watu wengine, akipiga vyombo vyote mwenyewe. Mwaka 1975 akatoa nyingine. Kisha akanyamaza kwa karibu miaka tisa. Mwaka 1980, katika harusi ya Tom, wale wanne walikaa pamoja wakapiga, lakini hiyo ilikuwa shughuli ya nyumbani.

Yafaa niseme sasa kwa nini habari hizi zaninyima usingizi. Mwaka jana, katika mahafali ya dada zetu wa Kidato cha Nne, niliimba wimbo nilioutunga mwenyewe, uitwao "Tranka Langu", habari za msichana anayefungasha sanduku lake la bati kwenda shule ya bweni na mambo anayoyaacha nyumbani. Wengi wenu mwaujua, maana wageni waliomba urudiwe. Miongoni mwa wageni alikuwapo bwana mmoja mwenye studio ya kurekodi mjini. Baada ya wiki mbili alifika nyumbani kwetu na karatasi yenye kurasa mbili, na akasema atanipa Sh. 200,000 taslimu. Kwa kuwa nina miaka 17, mkataba wamhitaji Baba atie sahihi. Mimi nilizisoma zile kurasa mbili, neno kwa neno, na ukurasa wa pili wasema kuwa haki zote za wimbo, za sasa na za baadaye, katika nchi zote, zitakuwa za studio daima, na kwamba studio yaweza kubadili maneno yake na kumpa mwimbaji mwingine.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yasema haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Nilipiga hesabu. Nikijaliwa kufika umri wa miaka 70, wimbo huo utakuwa mali ya watu wengine kwa miaka 103.

Baba hajasema neno. Mama amesema. Jiko letu limeezekwa kwa mabati yaliyotoboka, na masika yakija yeye hupika huku amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Sh. 200,000 zaliezeka jiko lote na fedha hubaki. Nilipomsimulia habari za John Fogerty alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyo mzee wako, jiko lake linavuja?" Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Mwalimu wa Biashara naye asema wimbo ambao haujauzwa hauna bei, na kwamba wako watunzi wengi waliokufa na nyimbo zao kifuani, wakiwa na haki zote. Nimewaandikia haya ili msidhani kuwa jambo lenyewe ni rahisi.

Turudi kwa Bwana Fogerty. Mwaka 1985 alitoa santuri iitwayo "Centerfield", vyombo vyote kapiga yeye, na ikafika nafasi ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na wimbo "The Old Man Down the Road", uliovuma. Kampuni ya Fantasy ikamshtaki. Ilisema kwamba wimbo huo umenakiliwa kutoka "Run Through the Jungle". Na nani aliyetunga "Run Through the Jungle"? Ni yeye Fogerty. Alishtakiwa kwa kufanana na nafsi yake! Nilipousoma ukurasa huo nilicheka kwa sauti, na kiranja wa bweni akaniandika jina.

Kesi ilisikilizwa San Francisco mwaka 1988. Fogerty alipanda kizimbani na gitaa lake, akawapigia watu wa juri, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua kesi, akawaonyesha jinsi anavyotunga, na jinsi mtu mwenye mkono mmoja na koo moja asivyoweza kukosa kujifanana. Akashinda. Lakini kesi ilikuwa imemgharimu zaidi ya dola milioni moja za mawakili, naye akataka arudishiwe. Mahakama za chini zikakataa, kwa sababu kwa desturi yao mshtaki akishinda alirudishiwa gharama kwa urahisi, lakini mshtakiwa akishinda ilimpasa aonyeshe kwanza kuwa kesi ililetwa kwa hila au kwa upuuzi. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi nzima ya Marekani. Tarehe 1 Machi, 1994, majaji wote wakakubaliana kuwa katika mambo ya hakimiliki mshtaki na mshtakiwa wapimwe kwa kipimo kimoja. Neno hilo latumika mpaka leo katika mahakama za kule, na kesi yaitwa kwa jina lake. Mimi naona hiyo ni kazi kubwa kama "Proud Mary", ingawa haichezeki.

Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuanza kulegea. Februari 1987 alikuwa katika klabu moja ya Los Angeles iitwayo Palomino, na jukwaani walikuwapo Taj Mahal, George Harrison aliyekuwa wa Beatles, na Bob Dylan. Wakamwita naye apande. Akataka kukataa "Proud Mary" kama ilivyo desturi yake, lakini Dylan akamwambia kuwa asipouimba mwenyewe, dunia itadhani ni wimbo wa Tina Turner. Neno hilo lilikuwa na ukweli, kwa sababu Ike na Tina Turner waliuimba mwaka 1971 kwa namna yao ukafika nafasi ya nne, na wengi wetu ndio tuujuao. Basi akauimba usiku ule. Tarehe 4 Julai mwaka huo huo, katika tamasha la heshima kwa askari waliorudi kutoka Vietnam, akaimba nyimbo zake nyingi za zamani.

Tena mwaka 1990 alikwenda jimbo la Mississippi, kwenye kaburi la Robert Johnson, mwimbaji maskini mweusi aliyekufa mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27, ambaye nyimbo zake ziliwalea wapiga gitaa wa dunia nzima. Fogerty asimulia kuwa akiwa pale chini ya mti alijiuliza ni nani mwenye nyimbo za Johnson sasa, akamwaza wakili fulani ndani ya jumba refu la mjini. Kisha akaona kuwa hilo halina maana. Kila mtu ajua kuwa nyimbo hizo ni za Robert Johnson. Akajiambia kuwa na zake yeye ni hivyo hivyo, basi aziimbe kabla naye hajalala chini ya mti.

Rafiki yangu wa kitanda cha juu asema hapo ndipo Fogerty alipopata akili, na kwamba ile miaka 15 aliitupa bure. Mimi nakubali nusu. Kukasirika alikuwa na haki, na kama asingekasirika asingefika mahakamani. Lakini katika kususa aliumia yeye kuliko aliyesusiwa, kwa kuwa santuri za zamani ziliendelea kuuzwa, na kampuni ilikuwa na fedha za kutosha za kusubiri. Na kibaya zaidi ni habari za Tom. Katika ugomvi ule Tom alisimama upande wa kampuni. Alikufa mwezi Septemba 1990, na ndugu hao wawili walikuwa hawajapatana. Wimbo waweza kurudishwa na mahakama au kununuliwa tena, lakini kaka hawezi. Na hata mwaka 1993, bendi yao ilipopewa heshima katika Rock and Roll Hall of Fame, Fogerty alikataa kupiga na Cook na Clifford, akapanda jukwaani na wanamuziki wengine. Hilo sikulipenda.

Yaliyobaki ni ya furaha. Mwaka 1997 alitoa "Blue Moon Swamp", iliyopata tuzo ya Grammy. Mwaka 2004 kampuni ya Fantasy ilinunuliwa na kampuni nyingine, Concord, na wenye mali wapya wakamrudishia zile fedha zake za msanii. Tena sheria ya Marekani yasema kuwa mtu aliyetunga kabla ya mwaka 1978 aweza kudai utungo wake baada ya miaka 56, na mwaka huo ulikuwa ukikaribia. Januari 2023 ikatangazwa kuwa John Fogerty amenunua sehemu kubwa ya haki za utungo wa nyimbo za Creedence, duniani kote. Alikuwa na miaka 77. Zile sauti zenyewe zilizorekodiwa zamani hazikurudi kwake. Basi mwaka 2025, alipotimiza miaka 80, akaziimba upya nyimbo 20 za zamani, wanawe Shane na Tyler wakiwa pamoja naye, na santuri ikatoka mwezi Agosti. Sauti imezeeka kidogo, lakini yapanda pale pale ilipokuwa ikipanda.

Ama kuhusu "Tranka Langu", Mwalimu wa Kiingereza alinisaidia kuandika barua kwa yule bwana wa studio. Tumemwambia kuwa hatuuzi wimbo, ila tuko tayari kumkodisha kwa miaka mitano, kwa Sh. 80,000 na sehemu ya mapato, na maneno yasibadilishwe bila idhini yangu. Amejibu kuwa atafikiri, na amempigia Baba simu mara mbili. Wimbo wenyewe tumekubaliana kuuandikisha katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, iitwayo COSOTA, kabla ya neno lolote zaidi. Sh. 80,000 haziezeki jiko lote. Mama ameambiwa hivyo, na siku hiyo chakula kililiwa kimya.

Mjomba ameniazima kaseti ya "Chronicle" mpaka mwisho wa muhula. Wapendao kuisikiliza waje Klabu ya Muziki siku ya Jumamosi saa kumi alasiri, baada ya usafi, na mwenye uzi wa sita wa gitaa asisahau kuuleta.